Kikofia

Kompyuta mpya ilifika Jumanne, katika boksi jeupe,
nyembamba kama fremu ya sega lisilojazwa.
Ya zamani niliishusha chini ya meza ya jikoni
karibu na bakuli la paka. Feni yake bado ilikoroma.

Nilihamisha kila kitu kwa flashi:
picha, risiti za sukari ya nyuki,
barua tatu za benki ya Kranj,
na programu ya malkia.

Programu ya malkia aliiandika Drejc
mwaka ule mto ulipoingia kanisani.
Drejc alifundisha hesabu; siku hizi anaishi Maribor
na simu hapokei kabla ya saa nne.
Humo wamo malkia mia tatu na kumi na wawili:
nani mama wa nani, nani mpole, nani mkali,
nani alitaga mpaka Oktoba,
nani tulimkuta sakafuni mwa mzinga mwezi wa pili,
nukta ya buluu ingali mgongoni.

Nikabofya mara mbili.
Nyuki wa manjano akatokea katikati ya kioo,
akapiga bawa moja,
akatoweka.
Hakusema kosa lake wala langu.
Kama mgeni aliyefungua mlango, akauona ukoo wote mezani,
akaufunga taratibu.

Nikaifuta, nikaipachika upya. Bawa moja.
Nikamfunga kamba mlinzi wa virusi. Bawa moja.
Nikaiambia mashine ijifanye kizee,
ijifanye ya miaka kumi na mitano iliyopita,
ikajifanya, kwa heshima zote, na bado: bawa moja.
Tilen wa jirani akaja na soda yake, akatazama, akasema,
“Bibi, nunua nyingine.”
Nyingine ipi? Dukani wanauza programu.
Hawauzi malkia wangu.

Siku tatu. Huko nje theluji ilikuwa inaachia Stol,
nyuki wameanza kutoka kujisaidia juu ya nguo zangu nilizoanika,
na mimi sijui mzinga wa saba una binti wa nani.

Alhamisi usiku nikalikuta faili la kumbukumbu,
refu, la kijivu, mistari isiyopendana.
Nikashuka hadi mwisho, pale programu ilipokata roho,
nikakuta jina langu:

Ne?ka

Nikalisoma tena.
Alama ya kuuliza imekaa katikati yangu
mahali pa ile herufi yenye kikofia
ambayo mama aliichora kwa mkaa juu ya kitanda changu.

Saa nne na dakika moja nikampigia Drejc.
Akacheka mpaka akakohoa.
“Ile ya zamani uliingia kwa jina gani?”
Mteja, nikasema. Fundi wa Lesce alituandika sote Mteja,
hakuwa na muda wa kuuliza.
“Basi ndiyo hivyo. Mpya umeipa jina lako kamili.
Programu yangu haijui kofia. Niliiandika usiku,
nilikuwa na haraka, nisamehe.”

Kwa hiyo nikafungua mlango mwingine kwenye mashine ileile,
nikaandika Nezka, kichwa wazi,
kama mtu anayeingia nyumba yenye dari fupi.
Nikahamisha faili. Nikabofya.

Bawa moja.
Bawa la pili.
Kisha orodha ikamwagika, buluu, nyeupe, njano,
nyekundu, kijani, miaka yote na rangi zake,
na mzinga wa saba: binti wa Kijani 44,
yule mkali aliyemuuma padri.
Nilijua. Nilikuwa nimeshahisi.

Nikachapa kurasa zote, hamsini na moja,
maana sasa siamini kioo.
Juu ya kila ukurasa, kona ya kulia: Nezka.
Nikachukua penseli.
Paka alikuwa amelala juu ya ile ya zamani, yenye joto.
Nilifika ukurasa wa thelathini hivi nikivisha kofia,
kisha chai ikachemka.